Uji Uliovuka Pazia

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Julai. Asubuhi ukungu ulikuwa umekuja mpaka mlangoni, ukungu wa Julai ule wa baridi tupu, halafu mchana mvua ikaja ya kweli, ikapiga mabati ya ukumbi wa kanisa hadi watu wakawa wanasemezana kwa kelele. Naitaja mvua kwa sababu nataka kuwa wa haki. Huenda dada yangu alipaza sauti ili asikike tu. Nimejaribu kulichukua hivyo tangu tutoke huko. Lakini mvua ilipungua na sauti yake haikupungua, na ni wakati huo alipomwambia mama, mbele ya akina mama wote wa kanisa, "Wewe ndiye umeniharibia kazi."

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Mimi niliishia darasa la nane. Nina kisiagi hapa Rongai karibu na Nakuru, nasaga mahindi na wimbi ya watu, na mambo ya utafiti siyajui vizuri. Nitaandika niliyoyaona na niliyoelezwa, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Nikimwonea dada yangu, atakayesoma na anihukumu.

Yeye ni profesa. Kazi yake ni kuchunguza mwili wa mtu, jinsi unavyofanya mtu akikimbia, akila, na akizeeka. Sisi ni watoto wa mtu wa reli. Baba alitoka magharibi mwa Kenya akafanya kazi ya reli Nakuru maisha yake yote, akanunua hiki kipande cha shamba, akaja kustaafia hapa. Dada alisoma, mimi sikusoma sana. Sikunyimwa. Yeye alikuwa na kichwa na mimi nilikuwa na mikono. Nyumbani waliona hivyo, na hata mimi naona hivyo.

Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya wakimbiaji. Alikuwa akipanda huko juu kwenye baridi, anawafunga vijana barakoa zenye mpira mrefu, wanakimbia juu ya mashini ambayo inakimbia chini yao na wao hawaendi popote, naye anapima hewa wanayovuta na wanayotoa. Anawachoma kidole, anachukua tone la damu. Alinipeleka mara moja nikaone. Mkimbiaji mmoja alishuka kwenye mashini akatapika ndani ya ndoo, na dada yangu akafurahi kama aliyeletewa posa. Nilimwuliza, "Sasa hii inasaidia nani?" Akasema, "Ukijua mwili wenye nguvu unafanyaje kazi, utajua uliochoka umekosa nini." Nilidhani ananizima tu. Baadaye niliona alikuwa anamaanisha.

Baba ndiye aliyemgeuza. Mtu aliyekuwa akiinua vyuma vya reli, uzeeni akaanza kuishi kwa chai na mkate, chai na mkate. Anasema meno, kesho anasema tumbo. Sisi tuliokuwa naye kila siku tuliona ni uzee. Dada alikuja Krismasi moja akamkuta kwenye kiti chake cha mbao, anataka kusimama atoke nje. Anajisukuma kwa mikono, anainuka nusu, anarudi chini, anajifanya amebadilisha mawazo. "Ah, wacha nikae kidogo." Dada alitoka akasimama huko kwa ng'ombe peke yake. Aliporudi aliniambia anajua miguu ya vijana wanaoshinda huko Ulaya, na ya baba yake hakuijua. Hayo ni maneno yake, si yangu. Kabla Krismasi nyingine haijafika baba alianguka kati ya kile kiti na mlango, na hakupona.

Basi akawaacha wakimbiaji. Wenzake walimshangaa. Mkimbiaji ana jina na ana wafadhili, shosho, bibi mzee tu, ana nini? Akaanza kupima mapaja ya wazee na nguvu za mikono yao. Kuna wakati alikuwa anazunguka mtaa wa Kaptembwo mlango kwa mlango akiuliza wazee jana walikula nini, na wengine wanamfukuza wakidhani ni mtu wa kampeni. Alivumilia. Nywele zake zimekuwa nyeupe kwa kazi hiyo. Heshima yake nampa, na ninampa nikiwa na hasira hivi hivi, mjue ni heshima ya kweli.

Utafiti wa juzi ulikuwa rahisi, hata mimi niliuelewa. Akina mama wazee wa kanisa letu walikuwa wanakuja ukumbini kufanya mazoezi. Kusimama kutoka kwa kiti bila kushika, kukaa, kusimama tena. Kuinua chupa zilizojazwa mchanga. Wote walifanya sawa. Baada ya mazoezi wanagawanywa kwa kura. Upande mmoja unapewa uji wa mahindi, soya, karanga na visamaki vya omena, unga niliousaga mimi mwenyewe na nikalipwa bei ya kawaida. Upande mwingine unapewa chai na mkate, vile wamezoea. Mwisho wanapimwa ili ijulikane kama mazoezi na uji yanajenga mguu wa mzee kuliko mazoezi na chai. Kama yanajenga, kuna watu wa kaunti wanaosubiri hiyo ripoti ili uji kama huo uwe unapewa wazee kwenye zahanati. Kama hayajengi, basi. Watatafuta kitu kingine cha kufanyia pesa yao.

Katikati ya ukumbi walitundika pazia. Zilikuwa shuka mbili zilizoshonwa pamoja, ili wa chai wasiwaone wa uji, na msichana msaidizi wa dada akawa anakaa hapo akiandika.

Mama alitaka kuingia. Dada alikataa, akamweleza kwamba mtu hampimi mama yake mwenyewe. Mama akasema, "Kwa hivyo watu wote wa kanisa waje kwa kazi ya mtoto wangu, na mimi nikae nyumbani kama mgonjwa?" Mwishowe wakakubaliana kwamba atafanya mazoezi na wengine lakini hesabu yake haitaandikwa. Na hata hivyo dada alimfanya mama achukue kura kama kila mtu, isionekane anapendelewa. Mama akaangukia chai. Dada hakubadilisha. Hapo alikuwa mtu wa haki kabisa, nami ningekuwa mahali pake sijui kama ningeweza.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya majibu. Mimi nilikwenda kubeba viti. Dada alisimama mbele na makaratasi yake, akawashukuru, akawaambia miguu yao imepata nguvu, wakapiga makofi na vigelegele. Halafu akasema jambo ambalo halikutarajiwa. Pande zote mbili zimepata nguvu sawa. "Wa uji na wa chai hakuna tofauti. Uji haujaongeza kitu." Alilisema kwa sauti ya kawaida, lakini namjua tangu utotoni. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyekalia jipu.

Akina mama wakaangaliana. Halafu jirani yetu wa shamba la chini, mwanamke mnene wa kuchekacheka ambaye ndiye huanzisha nyimbo kanisani, akaanza kucheka.

"Prof, wacha nikuambie. Itakuwaje tofauti na wote tulikunywa?"

"Wote akina nani?"

"Si sisi wote! Ulitaka nikunywe uji wa omena, harufu imejaa ukumbi mzima, na mama yako yuko hapo ng'ambo ya shuka ananusa? Mimi si mnyama."

Ukumbi ukalipuka. Mwingine akadakia kutoka nyuma, "Na sisi wa chai tulikuwa tunawapitishia mkate, usidhani tulikula cha bure!"

"Chini ya pazia," akasema jirani. "Msichana wako akiinama kuandika, kikombe kimevuka. Akiinua kichwa, kikombe kimerudi. Aki huyo msichana ni mzuri, lakini macho yake yako kwa karatasi tu."

Walicheka hadi mmoja akajifuta macho na kitambaa. Nami nilicheka, siwezi kuficha. Sikuona kwamba dada yangu hacheki. Alikuwa ameshika makaratasi kwa mikono miwili.

"Nani alianza?"

Jirani hakuona hatari. "Kikombe cha kwanza kilikuwa cha mama yako. Mimi nilimpa. Angeonja tu, lakini unamjua, akampitishia aliyekaa kando yake, naye akapitisha. Sasa siku iliyofuata tungempa mmoja na tuwache wengine?"

Hapo ndipo akamgeukia mama. Mvua ilikuwa inapungua.

"Mama. Si nilikueleza? Nyumbani, jikoni, nikakueleza mpaka na sababu. Wenzangu waliniambia nisifanyie kazi hii kwetu, nisimweke mama yangu humo ndani. Nikawaambia mama yangu anaelewa. Wewe ndiye umeniharibia kazi."

Mama alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani. Akasema taratibu, "Nilielewa. Ulisema nisikunywe. Sikukunywa, nilionja."

Siku nyingine tungecheka. Hakuna aliyecheka. Mama akafunga zipu ya mkoba, akasimama bila kushika kiti, vile alivyofundishwa, akatoka nje kwenye mvua.

Nilimfuata na mwavuli. Njiani alizungumza mara moja tu, tulipopita kwenye kisiagi changu kilichofungwa. Aliuliza kama kuna unga wa ule uji uliobaki. Nikasema uko kidogo. Akasema, "Usiutupe."

Nilivyokuwa na hasira wakati huo siwezi kuandika sawasawa. Nilikuwa naangalia kanga yake imelowa mpaka magotini, na yeye ni mtu aliyekwenda kule kwa miezi kufanya mazoezi kwa ajili ya mtoto wake. Alikuwa akijizoeza hata hapa nyumbani, kwenye kile kiti cha baba. Anasimama, anakaa, anasema, "Nisimwaibishe profesa." Wote walikuwa hivyo. Walichukua ile kazi kama mtihani wa kijiji kizima, waonekane wamepita. Na wangepitaje kwa raha wakati mwenzao yuko upande wa chai? Hakuna mtu wa hapa angeweza. Dada yangu alizaliwa hapa hapa. Alilelewa na huyu mama ambaye mgeni akifika tukila, sahani yake ndiyo inayopunguzwa kwanza. Mtu wa kutoka nje angesamehewa kwa kutundika shuka akadhani imezuia kitu.

Ndivyo nilivyofikiria njiani. Sasa nikiandika naona mahali ambapo huenda namwonea. Alieleza. Alieleza vizuri, nami nilisikia. Mtu akieleza na watu wakasema ndiyo, angejuaje kwamba ndiyo yao ni ya heshima tu?

Gari lake lilifika nyuma yetu na likazama kwenye tope la mlango wa shamba. Aliliacha hapo akaja kwa miguu. Mama alikuwa ameshaingia jikoni kuwasha moto. Sisi wawili tulisimama kwenye baraza.

"Umemwaibisha," nikamwambia.

"Najua."

"Mbele ya watu ambao ataketi nao kesho."

"Nimesema najua! Na mimi je? Unajua hii ilikuwa nini? Nastaafu na hii. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho."

"Sasa utaandika nini?"

"Nitaandika namba. Namba zinasema hakuna tofauti."

"Lakini uji ulivuka."

"Hilo halimo kwenye namba."

"Lakini umeambiwa leo. Umesikia na masikio yako."

Alikaa kwenye ngazi, viatu vyake vya mjini vimekuwa vya tope. Akaniambia nitulie nisikie. Akiandika kwamba waligawana, swali la kwanza litakuwa, wewe ulikuwa wapi? Pesa za watu, kazi ya miaka, na kosa ambalo hata mwanafunzi wake hangelifanya, yeye amelifanyia nyumbani kwao, na mama yake ndiye aliyeanza. Watasema alipofika uzeeni alianza kucheza. Lakini akiandika hakuna tofauti, ni matokeo kama matokeo mengine. Watu huandika hivyo kila siku na hakuna anayechekwa.

Nilimwelewa. Naapa nilimwelewa, na ndiyo maana nilizidi kukasirika, kwa sababu aliniambia kama mtu anayeniomba nimruhusu.

"Ukiandika hakuna tofauti," nikasema, "wale wa kaunti watasema uji hausaidii. Wazee wataachiwa chai na mkate. Kama baba."

"Usimlete baba hapa."

"Wewe ndiye ulimleta. Ulimleta mwenyewe kwa hii kazi yako yote."

Akasimama. Nilidhani atanipiga, vile alivyokuwa akinipiga zamani. Badala yake akasema polepole, "Wewe hujui kama uji unasaidia. Unadhani unajua kwa sababu ulisaga unga. Hata mimi sijui. Ndiyo maana nilikuwa nauliza."

Hilo lilinishika, kwa sababu ni kweli. Sijui. Huenda ni mazoezi peke yake yaliyowapa nguvu. Huenda ni kukaa pamoja na kucheka. Huenda uji hauna kazi na mimi napigania unga wangu. 

"Basi andika hivyo," nikamwambia. "Andika hujui."

"Hakuna mtu anastaafu na sijui."

Akaingia ndani. Nikabaki barazani nikiangalia maji yakitiririka kwa mahindi, na hasira yangu ikiwa haina pa kwenda. Nilisikia sauti yake jikoni, chini chini, akimwomba mama msamaha. Mama akajibu, "Hakuna shida, lete ile sufuria." Mama kila kitu hakuna shida. Ukimkata mkono atasema hakuna shida, lete kitambaa.

Chakula kikawa tayari. Ugali, kunde, na mayai ya kuchemsha, kwa sababu kuku wetu wanataga vizuri msimu huu. Kila mtu na yai lake. Tulipoketi mama akachukua lake akaliweka kwenye sahani ya dada.

"Mama, hili ni lako."

"Wewe umekonda. Kula."

Dada akalirudisha. "Mama, nisikilize. Mimi nitakula nyama kesho mjini. Wewe ukiendelea kutoa chako, mguu wako unaisha kutoka ndani hata ufanye mazoezi namna gani. Yai hili mwili wako unalihitaji kuliko wangu. Hii ndiyo kazi yangu, Mama, hiki ndicho kitu kimoja ninachokijua."

Mama alisikiza mpaka mwisho, kwa heshima, kama alivyosikiza siku ile ya kwanza. Halafu akalichukua yai akaliweka tena pale pale. Safari hii hakuondoa mkono. Alikaa ameushika ukingo wa sahani, anamwangalia mtoto wake aliyemfokea mchana. Hakuomba kitu. Alitaka tu lile yai liliwe.

Nilitaka kusema, mwache ale yai lake! Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Sikusema, kwa sababu niliuona uso wa dada.

Alilichukua. Akalitia chumvi, akalila, polepole, mpaka kiini. Mtu anayejua kuliko sisi wote lile yai lingefanya nini kwenye mguu wa mama, alilimaliza lote kwa sababu kulikataa kungekuwa kumpiga mara ya pili.

Akapangusa mikono. Akasema, si kwangu wala kwa mama, "Nitaandika waligawana. Nitaandika kwamba hatujui."

Mama akasema, "Lakini usiandike kwamba nilikunywa. Nilionja."

Dada akacheka, na alipokuwa akicheka machozi yakamtoka, na mama akamwongezea kunde.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu mwema kuliko nilivyo. Lakini hasira bado iko. Nilimwambia kesho ni Jumapili, na wale akina mama watakuwa kwenye ukumbi ule ule, na jambo alilolisema mbele yao asidhani limekwisha kwa kuombwa msamaha jikoni. Akasema lazima awe Nakuru mapema, ana mkutano. Nikamwambia gari lake liko kwenye tope hadi tumbo, na mwenye trekta la kulivuta ni yule jirani aliyecheka, na jirani huyo kesho atakuwa kanisani kama kila mtu. Akainuka akakusanya sahani. Sijui kama atasimama mbele yao aseme. Sijui pia kama nilikuwa na haki ya kumbana hivyo, mtu ambaye ameshapoteza mengi leo. Lakini sikurudisha maneno yangu.

Jioni tulikula ugali, kunde na mayai. Mama alikula ugali na kunde.